Ng'ombe Kabla ya Shamba

Mume wangu Weldon alinunua ng'ombe kabla hajanunua shamba. Ukitaka kumwelewa mwanamume huyo, anzia hapo.

Miaka yake yote ya kazi aliuza bima mjini Nakuru, amevaa tai. Lakini pensheni ilipoingia tu, akaanza kusimama dirishani na kuvuta pumzi ndefu. "Chemutai," akaniambia, "sisi ni watu wa ng'ombe." Sisi nani? Mimi nilikuwa mwalimu wa nasari, na maziwa niliyoyajua ni ya pakiti.

Akaenda agrovet, duka la mahitaji ya mifugo, akarudi na gambuti, mkebe wa maziwa, chumvi ya kulamba, dawa ya minyoo na mashine ya kukatia nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Nepia yenyewe hatukuwa nayo. Wiki iliyofuata pikapu ikaingia kwenye ploti tunayopanga hapa mtaa wa Section 58, imebeba ng'ombe wa Friesian mwenye mimba kubwa. Eti bei ilikuwa nzuri na mwenyewe hangengoja. Weldon akamfunga pale pa kuegesha magari, akampa jina la Madam. Tangu siku hiyo nikisikia "Madam amekula?" nilijua si mimi ninayeuliziwa.

Madam alimaliza sukuma wiki ya jirani yetu Emmy pamoja na gunia ilimopandwa. Emmy alivumilia. Lakini alipokuta shuka zake zinatafunwa kwenye kamba, akampigia simu mwenye nyumba.

Shamba lilikuwa limeshapatikana Kabazi: ekari moja, zizi la mbao, nepia imesimama. Weldon na mwenye shamba, Mzee Karanja, walikubaliana hotelini juu ya chai na mandazi. Kilichobaki ni bodi ya ardhi, ambayo hukaa mara moja kwa mwezi, na haipitishi shamba la familia mpaka mke wa anayeuza asimame aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali.

Tukaenda bodi. Mwenyekiti akamgeukia Mugure, mke wa Karanja, mama mwembamba aliyekaa na mkoba mapajani.

"Mama, mzee anauza shamba. Umekubali?"

"Sijakubali."

"Mugure, si tuliongea?" Karanja akauliza, jasho likimtoka.

"Wewe uliongea. Mimi nilikuwa nakamua."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatuambia turudi mwezi ujao, akaita wengine. Mwenye nyumba naye aliposikia, akasema atavumilia hadi siku hiyo ya bodi na si zaidi: ng'ombe aondoke, au tuondoke sote.

Siku chache kabla ya bodi daktari wa mifugo akaja, akampapasa Madam tumbo, akasema atazaa wakati wowote. Weldon hakula jioni hiyo. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji akifuta macho, na moyo ukaniuma sana. Mtu anaweza kukukera maisha yako yote na bado akawa mtu wako.

Nikafunga safari ya Kabazi peke yangu, na sukari, majani ya chai na mkate, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Nilimkuta Mugure anakamua. Akanipa kigoda bila kuacha kazi.

"Bwana yako alikuuliza kabla anunue hiyo ng'ombe?"

"Wapi! Niliiona ikishuka kwa pikapu."

"Na hii shamba?"

"Niliambiwa nivae vizuri tunaenda bodi."

Tukacheka mpaka ng'ombe akatugeukia. Kisha Mugure akawa hacheki tena. "Mimi nimelima hapa tangu nikiwa msichana, na jina yangu haiko kwa title ya shamba. Ndiyo maana nilikataa kule bodi, na hiyo yangu nimemaliza. Karanja amekubali pesa iingie kwa akaunti ya sisi wawili, na benki nimeenda nikaweka sahihi. Sasa yako. Title itaandikwa nani?"

"Weldon."

"Umeona?" akasema, akarudi kwa chuchu za ng'ombe wake.

Siku ya bodi ilipofika, Weldon alikodi lori, akampakia Madam na kila kitu cha agrovet, akaliegesha nje ya ofisi. Hatukuwa na pa kurudi. Tulikuwa tumesimama mbele ya mwenyekiti dereva alipochungulia mlangoni.

"Mzee, ng'ombe imeanza kusukuma!"

Weldon akakunja mikono kama mtu anayesali. "Mama Mugure, tafadhali."

"Mama, umekubali?" akauliza mwenyekiti.

"Nimekubali," akasema Mugure. Weldon akaanza kushukuru, lakini mama hakuwa amemaliza. "Lakini iandikwe na jina ya huyu mama pia. Kama hakuna, mimi narudi nyumbani."

"Mama, hiyo sasa ni mambo ya wanaonunua."

"Basi muulize mzee. Mimi nangoja."

Weldon akanitazama, akatazama mlango. Huko nje Madam alilia kwa sauti iliyofika mpaka kwa karani wa mwisho.

"Andikeni!" akapiga kelele. "Andikeni yeye, andikeni hata ng'ombe, lakini mharakishe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akapangusa macho, akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ya heshima.

"Na wewe mama, umekubali shamba hili liwe lenu wawili?"

Jibu nilikuwa nalo tangu Kabazi. Lakini nyumba tuliyopanga nilionyeshwa imeshalipiwa, ng'ombe nilimwona akishuka, na katika ndoa yangu yote hakuna mtu aliyewahi kusimamisha jambo kubwa ili anisikie mimi kwanza. Dereva alikuwa anaita. Weldon alikuwa ananitazama, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza hajui nitasema nini.

Nikamwomba mwenyekiti arudie swali.