Karamu

Siku moja binti wa mfagizi wa shule alisimama darasani akasema, "Mwalimu, naomba karamu." Kalamu yake ilikuwa imekwisha wino, basi, ni hilo tu. Lakini mwalimu wa hisabati, mwanamke mtu mzima na akili zake, hakujizuia. "Karamu? Kwani nani anaoa leo?" Darasa zima likaangua kicheko, naye mwalimu akaona raha, maana safari hii anayechekwa hakuwa yeye. Tangu hapo jina la mtoto likawa Karamu, na mkono hakunyoosha tena.

Na aliyemcheka, jamani, ni nani? Ni mtu ambaye mpaka anaingia chuo alikuwa akisema "mwarimu"! Alijifungia bwenini na kioo chake, akirudiarudia maneno mpaka taya zikamuuma. Hata mumewe hajawahi kumsikia akisema lugha ya kwao.

Ikaja nafasi moja, moja tu, ya kusomeshwa bure shule ya bweni ya sayansi. Kwenye mtihani wa kuandika Karamu aliongoza, mtoto wa daktari akamfuata kwa mbali. Yakabaki maswali ya mdomo, mbele ya walimu watano, yule wa hisabati akiwemo. Karamu akaulizwa, kimya. Akaulizwa tena, kimya. Na jibu analijua! Mwalimu aliliona likimchezacheza midomoni.

"Bubu huyu," mkuu wa shule akasema mtoto alipotoka. "Halafu hawa watu wa kwao tunawajua, binti akivunja ungo tu wanamwoza. Tutapoteza nafasi bure. Au wewe mwalimu wake unasemaje?"

La kusema alikuwa nalo. Kwamba yeye mwenyewe ni wa huko huko, na hakuozwa, akasoma. Lingetosha hilo. Akatazama kucha zake. "Mtakavyoona nyie," akasema. Nafasi akapewa mtoto wa daktari. Lo, aibu gani hii!

Kesho yake asubuhi mfagizi alimsubiri kwenye korido. Akauegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mwarimu, nisamehe. Mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye nimemwambia asifungue mdomo mbere ya wakubwa, asije akakuaibisha tena."

Uso ulimwaka moto mwalimu. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Akatafuta neno la kujibu, neno dogo analolisema mara kumi kwa siku, na ulimi aliouchunga miaka ishirini ukamponyoka.

"Pore, mama."

Mfagizi akainua uso. Akamtazama taratibu, kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akamuuliza kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini kama mtu anayemficha mwenzake aibu:

"Kumbe wewe ni wetu? Na jana ulikuwemo mle ndani?"