Siku Tuliyompa Mgeni Rasmi Mgongo

Propela ilizunguka mara tatu kwa uvivu, ikatetemeka, ikasimama. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Moshi kidogo ulitoka kwenye bomba la ubavuni, ukapotea hewani, na kule chini ya hema wageni wakanyamaza wanavyonyamaza watu wenye adabu: kila mmoja alijifanya anashughulika na kikombe chake cha kahawa.

Ndege ile ni yetu. Naandika hivyo na sioni haya kurudia: yetu. Injini ilinunuliwa nje, hilo silifichi, lakini mwili wake, mabawa yake na mahesabu yake yote yalitoka katika karakana moja nusu saa kutoka Nizwa, kwa mikono ya vijana ambao wengi wao nawajua tangu wakitambaa. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Humo vijana watajifunza urubani wa kijeshi, na siku ikibidi itabeba silaha nyepesi chini ya mabawa na kulinda mpaka. Injini yake huwaka moto ndani kama ya jeti, ila kazi yake ni kuizungusha ile propela ya puani. Wameiita Qataa, jina la ndege wa jangwani anayeruka masafa kutafuta maji na hachoki.

Mjukuu wangu Khulood ndiye mhandisi aliyesimamia jaribio la joto. Ilikuwa Juni ya mwaka jana. Jaribio lenyewe si gumu kulieleza. Ndege hulazwa juani tangu alfajiri mpaka chuma chake hakigusiki, kisha baada ya sala ya adhuhuri inawashwa na kurushwa papo hapo. Ikikubali, kamati ya ukaguzi inatia saini na vijana wanaanza kuunda ya pili. Ikikataa, karatasi itasema Qataa haiwezi joto. Na ndege isiyoweza joto, hapa Oman utaipeleka wapi?

Injini ya namna ile haiwashwi ovyo. Hujaribiwa mara tatu, kisha lazima ipumzike, na kamati ilitakiwa iwe Maskati kabla ya alasiri. Tulikuwa tumebakiwa na mara moja.

Sasa nieleze kosa langu.

Nilikuja kutoka Unguja mwaka sabini na tatu, nina miaka ishirini na moja na mashati mawili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha ndege za jeshi. Mchana naosha, usiku nasoma, kwenye skuli ya watu wazima pale Ruwi, mtaa wa Maskati, tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilianza na herufi za Kiingereza, nikaja hesabu, nikaja vitabu vya injini. Nilipostaafu nilikuwa fundi mkuu, na nimewafundisha mafundi wasiohesabika. Kwa hiyo vijana wa karakana wanaponiita ustadh, naitika. Sijidai kukataa.

Siku ya jaribio walinipa kazi ya mapokezi. Mgeni rasmi alikuwa Sheikh Yaarub, mwenyekiti wa kamati, mzee wa miaka themanini aliyeshuka tangu usiku kutoka milima ya Dima wa Tayyin. Nilipanga hema, mazulia, ubani, halwa. Ndege niliagiza ikae mbele ya hema, pua yake imemwelekea Sheikh sawasawa, kama mtu aliyesimama kumlaki mgeni wake.

Saa moja asubuhi Khulood alinijia, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, tuigeuze. Upepo wa mchana hapa unatokea kule nyuma yake."

"Upepo gani? Hapa hata ubani unapanda wima."

"Utakuja, babu. Wallahi kila siku unakuja, saa sita."

"Na tukiigeuza, mkia utaelekea wapi?"

Akalitazama hema. "Kwa wageni."

"Ahaa! Mzee wa watu katoka milimani tangu usiku, umkaribishe na makalio ya ndege? Bibi yako akisikia, hatukai nyumbani wiki nzima."

Vijana waliokuwa karibu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikajiona msemaji. Khulood hakucheka. Alisema, "Haya, babu," akarudi kazini. Nikadhani amekubali. Hakukubali, alilelewa vyema tu.

Na linaloniuma ni kwamba nilikuwa nalijua jambo lile. Injini huvuta pumzi kwa mbele na kuitoa kwa nyuma. Ukiiwasha upepo unaisukuma mkiani, moto unarudishwa ndani, na vyuma vyake vinaweza kuungua kabla haijashika kasi. Nimeliandika ubaoni miaka thelathini. Lakini asubuhi ile aliyesema hakuwa fundi. Alikuwa mwenye nyumba.

Basi propela iliposimama mara ya pili, nikahisi upepo mkavu unanipiga usoni kutoka nyuma ya ndege. Joho la Sheikh lilikuwa linapepea. Nikaenda, kwa miguu yangu hii isiyokwenda mbio tena, nikamkuta Asaad, mkuu wa mradi, amesimama chini ya bawa na Khulood.

"Joto limeishinda?" Asaad aliuliza.

"Si joto. Upepo uko mkiani. Kipimo cha moto wa injini kinapanda mno, lazima tuzime."

Rubani Mohannad alichungulia kutoka juu, jasho linamtiririka puani. "Jamani, amueni. Mimi huku naiva kama mishikaki."

"Nani kaiweka hivi?" Asaad akauliza.

"Mimi," Khulood alisema. Hakunitazama.

"Wewe? Wewe uliyeandika mwongozo?"

"Mimi. Nimekosea."

Asaad alijifuta uso kwa kilemba. "Haigeuziki sasa. Propela ikizunguka mkia ukiwa kwao, Sheikh na kamati nzima watakula mchanga. Siwezi kumwinua mzee yule. Nitawaambia leo imeshindikana." Akamgeukia mjukuu wangu. "Na jaribio lijalo, Khulood, atasimamia mwingine."

Mimi ni mtu mwenye kiburi. Wanaonijua watasema nimejipunguzia. Neno "nimekosea" nimemwambia mke wangu mara mbili katika maisha yetu, na mara zote mbili sikuwa nimekosea, nilitaka chakula tu. Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa amesimama wima, macho kwenye tairi la ndege, anabeba mzigo wangu kana kwamba ni mfuko wa sokoni.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

"Mzee Hamoud, usimkingie."

"Simkingii. Aliniomba asubuhi tuigeuze, nikamkataza mbele za watu. Muulize Mohannad."

"Kweli," Mohannad akasema kutoka juu. "Hata mimi nilisikia habari za makalio."

"Babu, acha," Khulood alininong'oneza.

Sikuacha. Kutoka pale mpaka hemani ni hatua kama arubaini, na sijapata kuona uwanja mrefu kama ule. Nilisimama mbele ya Sheikh Yaarub, nikaanza kwa Kiarabu changu cha siku kubwa. Akaninyooshea kiganja.

"Sema Kiswahili," akasema, kwa Kiswahili. "Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Tangu asubuhi nawasikia mnavyosemana, nastarehe zangu."

Nikaona haya mara mbili kwa bei ya moja. Lakini ulimi ulifunguka.

"Sheikh, nimekosea. Nimeiweka ndege ikuelekee wewe kwa heshima, na upepo nikaudharau. Binti aliniambia, sikumsikia. Haina ugonjwa. Ili iwake lazima ikupe mgongo, na mkibaki hapa itawamwagia mchanga. Nawaomba muinuke mhamie upande wa pili. Juani."

Wajumbe wa kamati walitazamana. Sheikh aliitazama ndege, akanitazama mimi.

"Yaani saa tatu zote hizi nimekaa hapa natazamwa na ndege?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Nami nilidhani nimekuja kuitazama mie." Akaanza kucheka, kicheko cha kimyakimya kilichomtikisa mabega. Kisha aliinuka, akakusanya joho lake, akashika kiti chake mwenyewe. Watu watatu walimkimbilia kumpokea, akawafukuza kwa bakora. "Chukueni vyenu! Na halwa msiisahau."

Mpaka leo nikiukumbuka msafara ule nacheka peke yangu. Masheikh wenye majambia kiunoni wamebeba viti vya plastiki. Afisa mwenye nyota begani na birika la kahawa kila mkono. Wawili wameinua sinia la halwa juu kabisa, wanakwenda kwa hadhari kama wanampeleka bibi harusi. Na mbele yao wote Sheikh wa Wete, anauliza kila baada ya hatua, "Hapa? Bado? Hapa?"

Ndege tuliisukuma kwa mikono. Chuma kilikuwa moto kama kikaango, hivyo tulivua vilemba na kofia, tukavikunja viganjani. Nilisukuma pia. Khulood alinikataza, nami safari hii nilimsikia, nikapunguza nguvu kidogo. Pua iliukabili upepo. Khulood aliamuru kwanza injini izungushwe bila mafuta, ivute hewa ipoe. Tukasubiri. Kisha akainua mkono.

Ilianza kwa mluzi mwembamba, ukapanda, propela ikawa duara la mwanga, na mtikisiko ukaja mpaka kwenye meno yangu. Khulood alikuwa anamtazama Mohannad, na Mohannad anakitazama kipimo. Sikumbuki kama nilikuwa napumua. Mohannad aliinua dole gumba.

Ilipoanza kukimbia hema letu tupu lilivimba, likang'oka vigingi viwili, na hakuna aliyejali. Ilipanda kuelekea mlima wa Jabal Akhdar mpaka ikawa nukta, ikageuka, ikarudi chini chini juu ya vichwa vyetu. Wazee walipiga takbiri. Sheikh Yaarub alisimama juu ya kiti chake, nikamshika miguu asianguke, naye ananipiga begani kwa furaha. "Yetu hii!" alikuwa anapiga kelele. "Yetu hii, Hamoud!"

Ilipotua, kamati ilitia saini pale pale juani, karatasi zimekandamizwa na sinia la halwa.

Walipokwisha kuondoka nilimkuta Khulood kivulini mwa bawa, anajaza ripoti yake. Pale penye sababu ya kuchelewa alikuwa ameandika kwamba ndege iliegeshwa mkia upeponi. Mstari unaofuata, wa aliyeamuru, ulikuwa mtupu. Nilimwomba kalamu. Niliandika jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, kwa mwandiko mzuri, sikuharakisha.

"Babu, wewe si mfanyakazi wa hapa."

"Wataniajiri."

Aliisoma, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anacheka. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, wa aliyerekebisha kosa. Alichukua kalamu yake, akafikiri kidogo, akaandika: huyo huyo.