Mwenye Nyumba wa Ukutani

Wageni walimwita Mama Funguo, naye alilipenda jina hilo kuliko inavyompasa mjane mcha Mungu. Miaka kumi na mmoja alifagia vyumba kumi na vinne vya jumba lile kuukuu, na kwa vile mfagizi hana wa kupiga naye soga isipokuwa vumbi, pole pole alijigeuza mtaalamu wa historia. Elimu yake ya msingi haikumzuia hata kidogo.

"Huyu," alizoea kusema, akielekeza ufagio kwenye picha kubwa ya juu ya ngazi, "ndiye aliyejenga. Tajiri wa mbao. Mkewe alipofariki, naye akafa kwa huzuni, chumba kile cha buluu." Na kila alfajiri alimwombea marehemu huyo apumzike kwa amani.

Ndipo ofisi ya majengo ya kale ikamtuma afisa kuandika historia ya kuchongwa kwenye jiwe la langoni. Afisa akiridhika, Mama Funguo angethibitishwa kuwa mwelezaji wa wageni. Asiporidhika, funguo zingekwenda kwa mtu aliyesoma. Mama akajifunga kitambaa kipya, akamwaga yote. Afisa aliandika mpaka kalamu ikapata moto.

Bibi kizee aliyekuja na afisa, binti wa mwenye nyumba wa mwisho, akaangua kicheko.

"Mwenzangu, huyo ni fundi bomba!"

"Fundi bomba?" aliuliza Mama Funguo.

"Alikuja kuziba bomba la jikoni. Baba alikuwa na kamera mpya, sisi watoto hatukai tuli, akamvalisha fundi koti lake."

"Na alikufa lini?"

"Afe wapi! Juzi kanipigia simu, analalamikia magoti."

"Mimi namwombea kila siku kama maiti!"

"Basi ndiyo maana hafi."

Afisa hakucheka. "Mama, hii habari ya mbao umeitoa wapi?"

Ulimi wa Mama Funguo ulikuwa tayari kusema ameambiwa na wazee. Ulikuwa na mazoezi ya miaka kumi na mmoja. Akaung'ata.

"Nimetunga, mwanangu. Niliona ngazi ni za mbao."

"Na huzuni ya kufiwa na mkewe?"

"Hiyo yangu. Mume wangu alipokufa mimi nilibaki nakula na kulala. Nikaona haya, nikamfanya yeye afe."

Bibi kizee akajifuta macho, akaketi kwenye ngazi.

"Aliyejenga alikuwa daktari wa meno," alisema. "Akafilisika kabla ya kuezeka. Baba akalinunua halina paa, tukaishi miaka miwili chini ya turubai. Nitamsimulia yote, chumba kwa chumba. Mwache abaki."

Afisa alifungua ukurasa mpya. "Abaki. Lakini aseme alichoambiwa, bila kuongeza."

"Hata kidogo?" aliuliza Mama Funguo.

"Hata kidogo, mama."

Alikubali, akashukuru, akainama. Moyoni aliona afadhali wangemfukuza.