Komamanga Lisilo na Mwenyewe

Mama Nakshi aliujua wizi kwa kuuona mgongoni. Alikuwa kwenye foleni ya kulipia umeme, mbele yake amesimama mwanamke mwenye gauni la kijani, na mgongoni mwa gauni lile kulikuwa na komamanga lake. Si kama lake. Lake hasa. Limepasuka upande wa kushoto, punje zinachungulia, na punje moja imedondoka pembeni peke yake, kwa sababu siku alipolichora mkono uliteleza, akaona hata huko kuteleza kumependeza, akaiacha. Na gauni lile hakulitarizi yeye.

"Dada, samahani, hilo gauni umetariziwa wapi?"

"Kwa Sindano Kumi, pale konani. Zuri, eh?"

"Zuri mno," alisema Mama Nakshi, akaiacha foleni, akauacha na umeme wenyewe.

Sindano Kumi aliitwa hivyo kwa sababu mashine yake ya kutarizi ilikuwa na sindano kumi, na hakumwacha mtu asahau. Alimkuta anakunywa chai.

"Kaka, umeniibia."

"Karibu kiti kwanza, dada. Mtu hashtaki kwa kusimama."

"Komamanga lile ni langu. Nimelichora mimi mpaka macho yakaniwasha."

"Mimi nimelikuta kwenye kompyuta. Kama kompyuta ndiyo imeiba, tuikamate basi, mimi nitashika miguu."

Jinsi lilivyofika huko haikuwa fumbo. Mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima sasa ulimwita Shemeji kwa kumfuata Mama Nakshi, ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta za washonaji wote. Programu ya kuchorea nakshi ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyeinunua. Shemeji alipata nakala iliyovunjwa kufuli, akaibeba kwenye flashi, akaigawa duka hadi duka kama mtu anayegawia majirani chumvi. Alipoichukua kwa Mama Nakshi kuipeleka kwa Sindano Kumi, alizoa na michoro yote iliyokuwa humo.

"Kuchagua kungenichelewesha, shemeji," alijitetea.

Ugomvi ule ungeishia kwenye maneno, kama mengine ya mtaani, isingekuwa kwaya. Kwaya ilitaka majoho mapya, kazi ya kumshibisha fundi msimu mzima. Mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu aliyezoea kusahihisha watu hata wakimsalimia, alikuwa amekwisha kulipenda komamanga la Mama Nakshi, kwa sharti moja: nakshi ya kwaya isiwe na mtu mwingine. Sasa Sindano Kumi naye alikuwa amempelekea sampuli, komamanga lilelile, mpaka na ile punje iliyodondoka.

Mwenyekiti alikuja dukani kwa Mama Nakshi akiwa na Sindano Kumi nyuma yake, akamkuta na Shemeji pale kwenye kompyuta.

"Mmoja wenu ni mwizi," alisema kabla hajakaa. "Na kwaya haivai wizi. Mwenye komamanga ni nani?"

"Mchoro wenyewe utasema," alijibu Mama Nakshi. Aliwahi kusikia kwamba programu ile huandika jina la mwenye kazi chini ya kila mchoro. Hakuwahi kulitafuta. Nani anatafuta jina kwenye kitu anachojua ni chake? "Shemeji, fungua waone."

Shemeji alikohoa. "Shemeji, labda tungeangalia kwanza sisi wawili..."

"Fungua!"

Akafungua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palisomeka: Mwenye kazi. Likafuata jina la mwanamke, refu, lenye vinukta juu ya herufi, na jina la duka la ushonaji katika nchi ambayo jina lake hakuna kati yao aliyeweza kulitamka. Na anwani ya kumwandikia ilikuwapo.

Sindano Kumi alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe una jina refu hivyo, dada! Na mimi miaka yote nakuita Mama Nakshi tu!"

"Fungua na lako tulione!"

Sindano Kumi akatoa flashi yenye mchoro wa sampuli yake. Jina lilikuwa lilelile, vinukta vyake vyote.

Shemeji akaeleza huku akiangalia viatu vyake. Mama huyo wa mbali ndiye aliyeilipia programu hapo mwanzo. Nakala yake ikavuja, ikavunjwa kufuli, ikazunguka dunia mpaka ikaingia kwenye flashi. Programu haijui nani amechora. Inajua nani amelipa.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Basi mambo ni rahisi. Komamanga ni la huyu mama. Nitamwandikia tumwombe ruhusa."

Mama Nakshi akaona jinsi alivyobanwa. Akinyamaza, hatalazimika kukiri kitu kwa mdomo wake, lakini komamanga linakwenda kwa mwanamke ambaye pengine hajawahi hata kulila. Akisema ni lake, lazima aseme na jambo jingine, tena mbele ya mtu ambaye amemtangaza mwizi wiki nzima, kisimani na sokoni.

"Usimwandikie," alisema. "Nimechora mimi. Huyo mama alichofanya ni kulipia programu. Mimi sikulipia. Niliiba."

"Kwa nani?"

"Kwa aliyeitengeneza. Simjui."

"Na wiki nzima unamwita mwenzako mwizi."

"Mwizi ni mwizi, Mwenyekiti. Nimesema tupo wawili."

"Mimi angalau nimemwibia mtu ninayemwamkia kila asubuhi," alisema Sindano Kumi.

Mwenyekiti aliwatazama mmoja mmoja kama watoto waliokutwa na jibu moja kwenye mtihani. Mwishowe alimwelekea Mama Nakshi. "Nunua programu kwa halali. Niletee komamanga lenye jina lako chini yake. Ukiweza, majoho ni yako. Usipoweza, natafuta fundi mji mwingine."

Nyumbani, mumewe hakuelewa.

"Unanunua kitu ulicho nacho?"

"Ndiyo."

"Na kikija kitakuwa tofauti?"

"Kitakuwa kilekile."

Mumewe alimgusa paji la uso kuona kama lina joto.

Aliuza cherehani yake ya akiba, akanunua. Shemeji aliifuta nakala ya zamani na kuweka mpya, na kwa kuwa maisha yake yote hajawahi kuweka programu ya kulipiwa, alifuata maelekezo kwa woga, kila swali anaita, "Shemeji, inauliza kama tunakubali. Tunakubali?" Wakakubali yote. Kisha wakaiambia ifungue komamanga.

Ikakataa. Mchoro huu umetengenezwa kwa nakala isiyo halali, ilisema. Haufunguki.

"Hilo dogo," alisema Shemeji, uhai umemrudia. "Niachie nivunje kufuli ya mchoro tu."

"Usiguse."

"Lakini ni mchoro wako! Mtu hawezi kujiibia!"

"Ukiuvunja, chini patakuwa na jina la nani?"

Shemeji akafikiri. "La yule mama."

"Basi toka kwenye kiti."

Akakaa mwenyewe, akaanza upya. Komamanga la kwanza likakataa kurudi. Punje zilijipanga sawasawa kama wanafunzi mstarini. Alipojaribu kuidondosha ile moja pembeni, ilionekana kama mtu anayejifanya kuchechemea, akaifuta. Mkono hauwezi kuteleza kwa kukusudia. Alilolipata mwisho lilikuwa komamanga zuri, safi, zima, lisilo na kosa hata moja, na hakulipenda.

Mwenyekiti alilipenda. Kwa kweli alilitazama jina zaidi ya tunda.

"Safi sana. Na hili mwingine hana."

"Hana," alisema Mama Nakshi.

"Lile la zamani sasa lingevaliwa na mtaa mzima. Umeona faida ya uaminifu?"

"Nimeiona, Mwenyekiti."

Akapewa majoho.

Alikuwa katikati ya kazi ile, makomamanga safi yakimwagika kutoka kwenye mashine, alipopita konani na kuona kitambaa cha meza kimetundikwa mlangoni kwa Sindano Kumi. Limepasuka kushoto. Punje moja pembeni. Yeye mwenyewe vitambaa vyote alivyovitarizi komamanga lile alikuwa amekwisha kuviuza, na mchoro wake ulikuwa umelala ndani ya kompyuta, haufunguki, kama samaki kwenye barafu. Alisimama pale mpaka Sindano Kumi akatoka.

"Umekuja kunikamata tena?"

"Kitambaa hiki bei gani?"

Akamtajia.

"Kaka! Mimi ndiye niliyelichora!"

"Najua. Ndiyo maana nakutajia bei ya kawaida. Wengine nawaambia limetoka ng'ambo, na karatasi yenye jina la yule mama ninayo."

Mama Nakshi aliona kicheko kinampanda, akakizuia, kikamshinda, wakacheka wote wawili kama wendawazimu, wapita njia wakigeuka. Kisha akafungua pochi, akalipa yote, hakuomba apunguziwe. Sindano Kumi alikata uzi uliobaki ukingoni kwa meno, akakikunja kitambaa taratibu, komamanga likiwa kwa ndani lisichafuke, akampa kwa mikono miwili.