Mkono wa Kike

Bi Shoto alikuwa anakunja nguo alizozianua, shuka kwanza, mashati baadaye, punda alipoingia uani. Aliingia kwa mlango wa nyuma uliokuwa umeegeshwa tu, akasimama karibu na pipa la maji. Ukimtazama kwa upande mmoja alikuwa punda kamili, wa kijivu, mwenye masikio ya kutosha na jicho la huzuni kidogo. Ukimzunguka, upande wa pili alikuwa chokaa tupu. Bi Shoto alimtambua mara moja. Alisogeza pipa, punda asije akajirushia maji, kisha akaendelea kukunja nguo.

Punda huyo anajulikana na kila mtu. Yumo kwenye picha ya ukuta mkubwa wa Ukumbi wa Jiji, ile iitwayo Asubuhi ya Kazi, pamoja na fundi cherehani, seremala, mama mwenye kapu na wajenzi. Picha hiyo imetiwa kwenye stempu, kwenye majalada ya madaftari ya shule, na kwenye noti ambayo watu huitoa mfukoni kwa uchungu. Aliyeichora huitwa Fundi Mkuu, na barabara inayopita mbele ya ukumbi ni yake. Alikwisha kufa. Bi Shoto ni mjane wake.

Jioni ile ukumbi ulimtuma askari. Alikuja na kamba, akabisha hodi, akamfunga punda shingoni na kuondoka naye taratibu asije akakwaruzwa na magari. Kesho yake punda alirudi pamoja na mama mwenye kapu. Seremala na fundi cherehani walifuata, kisha wajenzi wakashuka kwenye jukwaa lao na kuja kwa miguu. Juma lilipokwisha, ukutani palibaki mkokoteni, jukwaa na anga. Wageni waliofika kutazama picha waliambiwa kwamba wenyewe wametoka kidogo, nao wakakaa kwenye viti kuwasubiri.

Kwa Bi Shoto nafasi haikuwa shida, kwa kuwa watu wale ni bapa. Waliegemea ukuta wa sebule kama mbao, wakamwamkia kwa pamoja, naye akawaitikia na kuwauliza wamefuata nini. Mama mwenye kapu, aliyekuwa msemaji wao, alisema wamechoka kuitwa wana wa mtu asiyewazaa.

Binti yake Bi Shoto, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akakuta nyumba imejaa. Alisalimia, akatafuta pa kuweka mkoba. Ndipo akaona kwamba fundi cherehani ameshika sindano kwa mkono wa kushoto. Seremala alishika randa kwa kushoto, na kila mjenzi mwiko wake kwa kushoto. Akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa anamenya viazi, kisu kikiwa mkono uleule. Binti alikaa chini.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi."

Mambo yalikuwa hivi. Kazi alipewa mumewe, naye aliitaka kwa moyo wote. Alichanganya rangi, alipima ukuta, aliwapokea wakubwa na kuwaeleza vizuri sana. Lakini alipopanda jukwaa la pili kichwa kilimzunguka, akashuka. Basi kila jioni, ofisi zikishafungwa, mke alivaa ovaroli la mume akapanda yeye. Alichora watu wakifanya kazi kama yeye mwenyewe anavyofanya kazi, bila kufikiri. Tangu utotoni anatumia shoto, na mtu hachungulii mkono wake kujua upi umeshika sindano. Wataalamu waliandika baadaye vitabu vinene kuhusu mikono ile ya kushoto. Mmoja alisema ni uasi wa wanyonge, mwingine akasema ni kilio cha nafsi.

Mume hakuwa mtu mbaya. Aliahidi kusema siku ya ufunguzi, lakini siku hiyo hotuba zilikuwa nyingi. Akaahidi kusema akipewa nishani, akapewa, akashukuru kwa machozi. Kisha akawa Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu hawezi kusema jambo kama lile mezani, sembuse hadharani. Alikufa nalo kooni. Bi Shoto alimlilia kwa dhati, na katikati ya kilio alikuwa na hasira, na hasira hiyo haijapoa mpaka leo.

Binti alitaka jina la mama yake liandikwe ukutani, tena kabla mama hajafumba macho. Bi Shoto alikuwa akilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani, ila hakuwahi kulisema kwa sauti. Sasa alilisema, na watu wa picha wakalisikia. Wakasema hawarudi mpaka liandikwe.

Lakini chokaa haikuumbwa kutembea. Siku chache baadaye sikio la fundi cherehani lilidondoka kwenye mkeka. Seremala alipoteza kidole gumba. Kila asubuhi Bi Shoto alifagia unga wa rangi chini ya ukuta, akauweka bakulini, hakuweza kuutupa. Juu ya paa mawingu ya mvua yalikuwa yanakusanyika, na nyumba ilikuwa inavuja.

Mkurugenzi wa ukumbi alikuja mwenyewe, amevaa suti. Alimwamkia Bi Shoto kwa heshima, akawasabahi watu wa picha mmoja mmoja, akakubali chai.

"Mama, sisi sote tunajua," alisema. "Hakuna anayebisha. Shida yetu si ukweli, shida yetu ni barabara."

Akaeleza kwamba jina la marehemu limo kwenye barabara, kwenye chuo, na kwenye noti. Maadhimisho ya picha yamekaribia na wageni wamekwisha kualikwa. Ukigusa jina moja, alisema, utayagusa yote. Aliahidi kiti cha mstari wa mbele na hotuba ya kumsifu mjane. Binti alimwambia kilemba hicho cha ukoka amvike mama yake mwenyewe.

Mkurugenzi hakukasirika. Alifikiri, akaweka kikombe chini.

"Tuandike hivi," alisema. "Imechorwa na Fundi Mkuu, kwa mkono wa kike."

"Mkono wa kike ndio upi?" aliuliza binti.

"Ndio wa kushoto, walivyosema wazee. Na ndio wa mwanamke pia, ukiyachukua maneno yenyewe. Anayetaka kuelewa, ataelewa."

"Mama, unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Najua," alisema Bi Shoto. Alikuwa anamtazama seremala, ambaye alikuwa ameuficha mkono nyuma ya mgongo usionekane. "Lakini watoto wanapukutika. Andikeni."

Walirudi siku hiyohiyo, kabla ya mvua. Bi Shoto alitangulia na bakuli lake, wao wakafuata kwa mstari, punda nyuma. Magari yalisimama yakawapisha. Ukumbini kila mmoja alipanda mahali pake, kisha Bi Shoto akawekewa ngazi, akapanda. Mkurugenzi mwenyewe aliishika isiteleze. Mchana kweupe, makarani wakiwa wamesimama na mafaili yao, Bi Shoto aliloweka ule unga, akamrudishia fundi cherehani sikio lake na seremala kidole chake. Kazi ilikuwa safi, usingejua palipounganishwa. Aliposhuka, makarani walimpa pole kwa kuchoka, wakarudi mezani kwao.

Siku ya maadhimisho alikaa mstari wa mbele, binti yake kando, wameshikana mikono. Kitambaa kilivutwa, kibao kikaonekana, kikasomwa kwa sauti. Kisha mtaalamu alisimama kukifafanua. Alisema kwamba Fundi Mkuu, aliyetumia mkono wa kulia kama sisi sote, aliamua kuichora kazi hii nzima kwa mkono wa kushoto, ambao wazee huuita mkono wa kike kwa sababu ya udhaifu wake, ili dunia ijue kwamba kipaji chake hakikutegemea nguvu. Ukumbi mzima ulisimama. Makofi yalikuwa marefu.

Mama mwenye kapu aliinama kidogo kutoka ukutani.

"Mama," aliuliza, "wanasema nini?"

Bi Shoto alikuwa anapiga makofi, maana aliyekaa mbele hawezi kukaa tu.

"Wanasema mna baba hodari," alisema.

Mama mwenye kapu akajinyoosha, akarudi mahali pake.