Mdakaji Aliyefichwa na Profesa

Mji mzima unamwita Fausto Encarnación "Profesa", na mimi mpaka leo sijaona alichomfundisha mtu. Ana kiwanja kilichozungushiwa ukuta nyuma ya kiwanda cha sukari, ana miwani myeusi asiyoivua hata kanisani, na ana tumbo linalofika mahali kabla yake. Kazi yake ni kuokota watoto wa watu wangali wadogo, kuwalisha wali na maharage, kuwakimbiza juani, kisha kuwauza kwa klabu kubwa za besiboli za kaskazini. Mtoto akisaini, Fausto anakata fungu lake kabla mama mzazi hajagusa hata noti. Hapa kisiwani kwetu, mjini San Pedro de Macorís, watu wa aina hiyo wamejaa tele, ila huyu ndiye aliyeniingilia hadi kwenye nyumba yangu.

Aliingilia kwa mdogo wangu Nurys. Nurys nampenda, tumetoka tumbo moja, lakini ni mtu wa kuamini chochote mradi kimesemwa na mwanamume aliyevaa mkufu wa dhahabu. Ana mtoto mmoja, Eliezer, naye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni, anapokea mipira ya mrushaji kutwa nzima mpaka magoti yanalia. Ni mfupi, mpana, mpole kupita kiasi, na mkono wake wa kulia haukuumbwa kwa mchezo. Akiwa mdogo alikuwa akitupa embe kutoka uani kwangu linavuka paa la jirani, na mimi ndiye niliyeletewa mashtaka.

Alipofika miaka kumi na minne, alikuja bwana mmoja wa klabu ya kijani na kijivu, akamwona anavyotupa, akatoa neno. Neno la mdomo tu, kwa sababu sheria haimruhusu mtoto kusaini kabla ya umri wake: ukifika Januari ya mwaka fulani, utakuwa wetu. Huku kwetu neno kama hilo watu wanalijengea maisha. Na neno lilikuja na sharti lake, ambalo nalo ni la kawaida huku: afichwe. Klabu nyingine zisimwone, zisije zikamtaka na kumpandisha bei.

Basi Fausto akamficha. Hakucheza ligi ya Jumapili. Hakwenda kwenye maonyesho ambako wasaka vipaji wa klabu zote wanakaa nyuma ya wavu na vipima mwendo vyao. Ilikuwa marufuku kumpiga hata video ya simu. Sikukuu ya parokia, vijana walipocheza na mapadri, Eliezer alikaa nyumbani akimsaidia bibi wa jirani kumenya mihogo, eti asije akaonekana na jicho la adui. Nikamwambia Nurys, mtoto wa mpira asiyeonekana akicheza ana faida gani? Akanijibu kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, mimi nishone nguo zangu.

Nikashona. Ndiyo kazi yangu, nashona sare za ligi zote za mtaani, namba na majina mgongoni. Naye Nurys akaniletea kitoto cha nguruwe uani, cha kuchomwa siku ya kusaini, akakipa jina la Januari. Nguruwe yule akala maganda ya ndizi, akanenepa, akanuka hadi kwenye cherehani yangu. Wageni wote walipita kumtazama. Nguruwe wa sherehe alijulikana mji mzima kuliko mwenye sherehe.

Na kila Jumapili, bila kukosa, Nurys alipika sankocho, supu nzito ya nyama na mihogo na ndizi, akampelekea Profesa sufuria zima. Sisi tulibaki na harufu.

Mwisho wa Novemba akaja kwangu Betania, mke wa Fausto. Betania si mbaya, kasoro yake ni kwamba mdomo wake hauna mlango. Alitaka mashati ya familia ya siku ya kusaini, kama ilivyo desturi, baba, mama, bibi na wajomba wote wavae rangi ya klabu na kupiga picha mbele ya keki. Kijani na kijivu, akasema, na mgongoni yaandikwe Familia Mota.

Nikaweka mkasi chini, maana mpwa wangu ni Nolasco. Nikamuuliza, Mota yupi tena, mbona klabu hiyo ina mdakaji wake mwingine.

"Yule mfupi?" Betania akapuliza kahawa yangu. "Walimwacha tangu Juni, shoga. Yule bwana aliyemtaka alifukuzwa kazi, na huyu mpya anapenda warefu. Fausto akampa Randel Mota."

"Na yule mfupi mbona hajaambiwa?"

"Angeondoka. Nani angewadakia warushaji wa Fausto? Randel hawezi kuhatarisha vidole vyake sasa hivi."

Alisema hivyo huku akichovya biskuti. Sidhani hata alijua anaongea na dada wa nani, kwa maana katika nyumba ile watoto wana namba za viatu, hawana mama. Miezi yote hiyo mpwa wangu alichuchumaa nyuma ya ukuta akidaka mipira ya vijana wengine ili wao wauzwe, na jioni anarudi anaweka vidole kwenye bakuli la barafu na kusema Januari haiko mbali. Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau Fausto asubuhi ile. Hata nguruwe niliona ana utu.

Nilimweleza Nurys yote. Akanisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akafanya jambo ambalo ni yeye tu duniani angelifanya: akampigia simu Fausto kumuuliza. Na Fausto, mwenye sauti ya asali, akamwambia kwamba Betania ni mgonjwa wa wivu, kwamba mambo makubwa huwa na maneno mengi, na kwamba supu ya wiki iliyopita ilikuwa na chumvi kidogo. Nurys akakata simu akiwa anatabasamu.

"Profesa kasema tuvumilie."

"Nurys, unapigwa changa la macho mchana kweupe."

"Wewe, Zunilda, hujawahi kumwamini mtu, ndiyo maana unaishi na cherehani."

Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini nguruwe naye alikuwa anapiga kelele, na mtu hawezi kugombana na wawili.

Jumamosi ile kulikuwa na onyesho uwanjani. Mwandaaji ni Teófilo, ambaye sare zake nashona mimi, na jambo moja ninalolijua kuhusu maonyesho ni kwamba warushaji huja utitiri na wadakaji hawatoshi. Hakuna anayetaka kuchuchumaa kwenye jua lile tangu asubuhi. Nikampigia Teófilo, nikamwambia ninaye mtu wa kudaka. Hakuuliza hata jina. Alisema, mlete kabla hajabadili mawazo.

Eliezer nilimwambia ukweli wote jikoni, akiwa anakula. Akaacha kutafuna. Alitazama vidole vyake, viwili vimepinda vibaya, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mama mkubwa, Profesa akikasirika?"

"Atapoa."

Nikamshonea shati jeupe, na mgongoni nikaandika NOLASCO kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata Fausto na miwani yake angesoma.

Nurys akatufuata. Alisema anakuja kutuzuia, na kama hawezi kutuzuia basi anakuja kumwomba Profesa radhi. Alivaa gauni la kanisani. Nilimwacha, kwa sababu tayari tulikuwa langoni.

Wasaka vipaji walikuwa wameketi nyuma ya wavu, kofia zimeshuka, wanatafuna mbegu na kutema maganda, sura zao za watu waliochoshwa na watoto wa wenzao. Fausto alikuwa katikati yao akimnadi kijana wake Yeuri, mkimbiaji, ambaye alidai hakuna mdakaji kisiwani awezaye kumkamata. Kisha akamwona Eliezer anavaa kinga za miguu. Alinijia mbio, tumbo mbele, akanong'ona kwamba ninatia mchanga kitumbua cha mtoto, kwamba klabu ikisikia itavunja neno. Nikamwambia lilishavunjwa Juni, akamuulize mkewe. Alibadilika rangi, akarudi kwa wenzake akijipepea na kofia.

Eliezer alidaka asubuhi nzima. Mrushaji baada ya mrushaji, hakuna aliyemtazama. Ndivyo ilivyo, watu hutazama mpira unakotoka. Nilianza kujilaumu kimoyomoyo kwamba nimempeleka kufanya kazi ileile ya bure, tofauti ni jua tu.

Halafu wakaanza mchezo, na Yeuri akafika kituo cha kwanza. Kila mtu alijua ataiba cha pili, yaani atakikimbilia kabla mpira haujapigwa, ndilo lililomleta. Mrushaji alipoachia mpira tu, kijana akachomoka. Eliezer akainuka nusu, akatupa. Sikuuona mpira, niliusikia ukigonga glavu ya mlinzi wa kituo kule mbali, na Yeuri alikuwa bado ana hatua za kukimbia. Alisimama tu, akashika kiuno. Walipomrudisha ajaribu tena, kwa sababu Fausto alilalamika kwamba kijana aliteleza, mpira ulimsubiri vilevile.

Mbegu zikaacha kutafunwa. Mzee mmoja mwembamba mwenye masharubu ya kijivu akageuka kitini.

"Profesa, yule mdakaji ni wa nani?"

Fausto hakugeuza hata shingo. "Simjui. Watu wakipungua, wanaokota yeyote."

Nurys alikuwa amesimama kwenye reli, karibu yao kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa kofia ya Fausto. Alikuwa amekuja kumwomba radhi na alikuwa anasubiri nafasi ya kuongea. Nilimwona mdomo wake, uliokuwa umeandaa neno "Profesa", unajifunga polepole. Alishika reli kwa mikono miwili.

Eliezer akaenda kupiga. Mara ya kwanza alikosa vibaya, mpira uliopinda ukampita naye anakata upepo, na mara ya pili vivyo hivyo. Miaka miwili alikuwa akipigishwa mazoezi na vijana walewale wa nyuma ya ukuta, hakuwa amewahi kuona ujanja wa mgeni. Hiyo ndiyo hasara ya kufichwa, na ilinichoma moyoni kuiona peupe hivyo. Alitoka nje ya mstari, akafuta jasho, akarudi. Mpira wa tatu aliupata. Ulikwenda ukagonga ukuta wa nyuma, na hakuna aliyehitaji kipima mwendo kujua.

Sasa simu zikatoka mifukoni. Mzee wa masharubu akainuka, akaja hadi kwenye reli akiuliza ndugu wa kijana ni nani. Na nani unadhani alimtangulia? Fausto, mikono imetanuliwa, meno yote nje.

"Kipaji changu hicho! Nilikuwa nimekihifadhi. Nimemlea tangu mdogo, muulize mama yake, huyu hapa."

Loo, kuna watu hawana haya hata ya kukopa. Mzee alimtazama Fausto, akamtazama Nurys. Naye alijua, na Fausto alijua, na mimi nilijua, kwamba jibu la Nurys ndilo linalohesabika: mkufunzi atakayetajwa na mama ndiye atakayemshika mtoto, ndiye atakayekata fungu, ndiye atakayesema acheze au afichwe. Nikataka kusema kitu, nikajiuma ulimi. Mtoto hakuwa wangu.

"Mama," mzee akauliza, "mtoto yuko chini ya huyu Profesa?"

Nurys alimtazama Fausto kwa utulivu, toka kofia mpaka viatu, jinsi unavyomtazama mtu aliyebisha hodi mlango usio wake.

"Hapana," akasema. "Bwana huyu hatumjui. Si amekwambia mwenyewe?"

Wasaka vipaji walicheka. Fausto akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza nimeyaona macho yake, na ni madogo, ya kawaida tu.

Mzee hakuahidi kitu. Alisema Eliezer apelekwe kambini kwao Boca Chica siku ya Jumanne, wamwone vizuri, na kwamba ana mengi ya kujifunza kwenye kupiga. Nurys akauliza kama atatakiwa afichwe. Mzee akashangaa, akasema la, acheze kila siku, acheze popote.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Eliezer alicheza ligi ya mtaani, uwanja wazi, mbele ya kila mwenye macho. Alikosa mipira miwili, akapiga mmoja, akamkamata mwizi mmoja kituo cha pili. Nurys alikuwa amepika sankocho kama kawaida yake. Akaja nayo uwanjani, sufuria zima, akaketi kando yangu kwenye saruji, akafunua kifuniko, akanipa kijiko.

Nikaonja. Nikamwambia chumvi iko sawa kabisa.