Mwanamke wa Kisimani

Nduta alikuwa msomaji wa kulia, na hakuona haya kulisema. Katika duka la mzee Githongo pale Kitengela, alikouza dawa za mifugo, hapakukosekana riwaya iliyolazwa kifudifudi chini ya kaunta, kati ya chupa za dawa ya kupe na mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Mteja aliyeingia akamkuta anapangusa macho kwa ncha ya leso hakuuliza nani kafa. Alijua kuna mtu kitabuni ameachwa.

Alipenda riwaya za mapenzi, na alipenda vilevile zile za falme zisizokuwako, zenye wachawi na mazimwi yanayoruka. Ila hakuzisomea mazimwi. Kurasa za vita alizipeperusha. Ramani zilizochorwa mwanzoni mwa kitabu hakuzitupia hata jicho. Alichotaka ni kujua yule binti alijisikiaje alipoamka akakuta kitanda kimepoa upande wa pili. Mhusika akimkaa moyoni, alitembea naye wiki nzima. Alimgombeza akichambua mboga, alimwonea huruma akipanga foleni ya maji, na siku moja kanisani alijikuta anamwombea kwa jina.

Aliyemwelewa kwa hili alikuwa mmoja tu, Resian, mwalimu wa shule ya msingi mjini Kajiado. Urafiki wao ulianzia kwenye kitabu. Nduta alikuwa na tabia ya kuandika pambizoni kwa penseli, na riwaya akishaimaliza humrudishia muuzaji wa vitabu vya mitumba ili apate nyingine. Siku moja akaingia dukani mwanamke mrefu aliyeelekezwa na muuzaji huyo, kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa.

"Ni wewe uliandika hapa 'Usimwamini huyu'?"

Nduta akachungulia. "Ni mimi. Wewe ulimwamini?"

"Nilimwamini mpaka mwisho," Resian akasema, na wote wawili wakacheka hadi mzee Githongo akatoka stoo kuona kuna nini.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Tangu hapo walibadilishana vitabu, na Jumamosi moja kila mwezi Nduta alikwenda Kajiado kwa akina Resian, akanywa chai ya maziwa, wakabishana. Resian alisoma kwa namna nyingine. Yeye alitaka kujua hadithi imejengwaje: mbona mwandishi ameficha barua hadi sura ya kumi, mbona mama mkwe amekufa mapema hivyo. "Wewe unalia, mimi natafuta kitunguu kiko wapi," alikuwa akisema. Mama yake, mzee wa watu aliyekuwa akitunga shanga mlangoni, hakujua kusoma lakini alipenda kusimuliwa. Nduta akimwita Yeyo kama wanavyomwita wanawe, naye akimwita Nduta binti yangu.

Ni kwa ajili ya huyo mama Nduta alikuja kuitoa siri yake. Mwaka juzi Yeyo alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na siku nzima marafiki hao wawili walikaa kwenye benchi la hospitali wakingoja. Resian alikuwa anasimama na kuketi kila dakika. Nduta hakuwa na kitabu, wala hakujua njia nyingine ya kumtuliza mtu ila kumpa hadithi. Basi akampa ile aliyokuwa nayo peke yake.

Alimweleza habari za Wahome, aliyekuwa ajenti wa forodha kule Namanga, na aliyemposa. Wazee wa pande zote mbili walishakaa, siku ikapangwa. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, Wahome alivuka mpaka, akaoa upande wa pili, akazima simu. Basi. Hakuacha hata neno. Nduta aliendelea kupiga nambari ile. Sauti ya mashine ikimwambia kuwa mteja hapatikani, yeye alizungumza juu ya sauti hiyo: leo mvua imenyesha, leo nimeona shati kama lako. Alifanya hivyo mwaka mzima. Kisha Jumapili moja simu ikaita. Ikapokelewa. Nduta hakungoja sauti; alimwaga yote, kilio na matusi na mapenzi, mpaka pumzi ikamwishia. Halafu upande wa pili mwanamume asiyemjua akasema taratibu: "Mama, mimi si yeye. Lakini ukitaka kumaliza, maliza. Niko hapa."

Kampuni ya simu ilikuwa imempa mtu mwingine ile nambari. Alikuwa mkulima wa vitunguu huko Kimana. Na Nduta, mtu mzima mwenye akili zake, aliendelea kumpigia kila Jumapili baada ya ibada, miezi minne.

"Na mlikoma aje?" Resian aliuliza siku ile.

"Tulikoma tu," Nduta akajibu. Muuguzi akatokea, Yeyo ametoka salama, wakakumbatiana. "Hii usiwahi kumwambia mtu," Nduta akasema. Resian akamshika mkono. "Nimwambie nani?"

Mwaka huu, mwezi wa pili, Resian alimwingiza Nduta kwenye kundi la WhatsApp la wasomaji. "Kuna hadithi inatumwa huko kila Ijumaa," akamwambia. "Mwandishi anajiita Binti Vumbi, sijui ni nani. Wewe soma, halafu uniambie unasikia nini."

Nduta alisoma sura ya kwanza akiwa amesimama. Ilikuwa habari ya nchi isiyonyesha, ambako sauti za watu waliokwenda zao huzama visimani, na mwenye uchungu anaweza kuinama akazisikia. Katika nchi hiyo palikuwa na mwanamke aitwaye Naserian, aliyeachwa na mchumba wake siku chache kabla ya arusi. Nduta alimpenda kwa sentensi ya tatu. Alimpenda jinsi mtu anavyompenda ndugu aliyepotea. Namna alivyokunja nguo zake za arusi, alivyosalimia watu kwa sauti ya juu ili wasimhurumie, alivyochukia Jumapili. Kila Ijumaa akishasoma alimpigia Resian, na Resian hakuwahi kuwa na haraka ya kukata.

"Unafikiri anamngoja bado?" Resian angeuliza.

"Hamngoji yeye. Anangoja aambiwe kosa lake."

"Eh. Rudia hapo."

Na Nduta alirudia, akifurahi kusikilizwa. Ijumaa iliyofuata maneno hayo yalikuwa kinywani mwa Naserian. Nduta alicheka peke yake. Aliona mwandishi huyu ana moyo kama wake.

Jirani yake, Ruqia, aliyekuwa na duka la vitambaa mlango wa pili, naye alikuwa kwenye kundi. Asubuhi wakifungua milango waliulizana habari za Naserian kabla ya kuulizana habari za watoto. Ruqia hakuwa na subira naye. "Huyo mwanamke ameshika kisima kama amekirithi!" alikuwa akisema. Kundini nako watu walishaanza utani. Msichana akilalamika kuwa mpenzi hapokei simu, wenzake humwambia asijifanye mwanamke wa kisimani.

Sura ya kumi na moja ilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Duka lilikuwa halina mtu. Naserian ameinama kisimani kama kawaida, anasema na sauti ya mchumba wake, mwaka umepita na kisima hakijamjibu. Mara maji yakatikisika. Akamwaga yote aliyokuwa nayo, kilio na matusi na mapenzi. Nduta alikuwa tayari analia. Akasogeza ukurasa kwa kidole gumba, akasoma sauti iliyotoka chini:

"Mama, mimi si yeye. Lakini ukitaka kumaliza, maliza. Niko hapa."

Akasoma tena. Machozi yalikatika ghafla kama bomba lililofungwa. Akajikuta anaitazama mikono yake kana kwamba imeshika kitu cha mtu mwingine. Chini ya sura ile maoni yalishaanza kumiminika. Wengine waliweka mioyo. Mmoja aliandika, "Huyu mama ni wazimu, anaongea na sauti ya mtu hamjui." Mwingine, "Kwani hana marafiki wa kumwambia ukweli?" Watu mia mbili na zaidi walikuwa wamekaa kwenye Jumapili zake.

Ruqia akaingia mbio, simu mkononi. "Umeona? Umeona amejibiwa na nani? Wallahi nimecheka! Anaitwa mama na mtu wa ndani ya shimo!" Kisha akamtazama. "Nduta, una nini?"

"Tumbo," Nduta akasema.

Kesho yake alikwenda Kajiado. Haikuwa Jumamosi yao. Alimkuta Yeyo kwenye kigoda chake mlangoni. "Takwenya," mama akamsalimu. "Iko, Yeyo," Nduta akaitikia, akainama awekewe mkono kichwani kama siku zote, na nusura machozi yamtoke hapo hapo. Resian alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Alipomwona, hakuuliza amekuja kufanya nini. Alishika kibanio kimoja cha nguo akawa anakifungua na kukifunga.

"Binti Vumbi ni wewe," Nduta akasema.

"Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

"Ikiisha. Nilitaka uipende kwanza, kabla ujue ni yangu."

"Ni yako?"

Resian akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu aliyejizoeza. Hakutaja jina la Nduta popote. Hakutaja Namanga wala Kimana wala simu. Amemgeuza kuwa mwanamke wa nchi nyingine kabisa, tena watu wanampenda. "Kuna mama ameniandikia kutoka Mashuuru akasema kwa sababu ya Naserian ameacha kungoja mtu. Nduta, unajua hiyo ni nini? Hadithi yako imemsaidia mtu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo," Nduta akasema. "Ningekataa."

Ndoo ya nguo ilikuwa kati yao. Nduta aliona kwamba hasira aliyokuja nayo ilikuwa ndogo kuliko jambo lenyewe. Alifikiria zile simu za Ijumaa. Alikuwa akimwambia rafiki yake anachohisi, na rafiki yake alikuwa na kalamu.

"Kila wiki uliniuliza nasikia nini," akasema. "Nilidhani unanisikiza mimi."

"Nilikuwa nakusikiza."

"Ulikuwa unachota."

Resian akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Nduta alimjua vya kutosha kutambua hilo. Akasema samahani. Akasema ataifuta sura ile leo hii, au hata hadithi nzima, Nduta aseme tu. Akajifuta uso kwa shati lililolowa. Kisha, bado anavuta kamasi, akauliza:

"Lakini yule mtu wa Kimana. Uliniambia mlikoma tu. Mlikoma aje?"

Nduta akamtazama machoni. Aliyafahamu macho yale. Yalikuwa macho ya msomaji aliyefika chini ya ukurasa na mkono wake tayari unataka kufunua mwingine. Katikati ya samahani, Resian alikuwa anaitafuta sura ya kumi na mbili.

Na ilikuwapo. Nduta hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Alikwenda Kimana, Jumanne moja ya mwezi wa nane, akaulizia hadi akafika. Akamwona yule mtu kwa mbali shambani, mfupi, amevaa kofia ya sufu, akipakia vitunguu kwenye magunia, na mkewe amesimama kando yake na mwavuli, anamkinga jua, huku mkono wake mwenyewe ukiungua. Nduta akaenda kwa yule mke, akanunua vitunguu kilo tatu. "Umetoka mbali, mama? Pumzika kidogo, kunywa maji," mke alimwambia. Alikunywa maji yale, akashukuru, akarudi nyumbani, na hakupiga simu tena.

"Hapana," Nduta akamjibu Resian.

"Sijaulizia hadithi, naulizia wewe—"

"Hapana."

Akapita mlangoni akamuaga Yeyo. Mama akashangaa chai haijaiva mbona anaondoka. Nduta akasema amebanwa na kazi. Ulikuwa uongo, na ulimuuma kuliko yote aliyoyasema nyuma ya nyumba.

Resian hakuifuta sura. Labda alijaribu, labda watu walikuwa wengi mno, Nduta hakuuliza. Alitoka kundini Jumatatu. Lakini mlango wa pili palikuwa na Ruqia, na kwa hiyo mwisho wa hadithi ulimfikia atake asitake: sauti ya kisimani ilikuwa ya mwana wa mfalme aliyefungwa na wachawi, akatoka majini, akamwoa Naserian, na mvua ikanyesha siku saba. Ruqia, yule asiyekuwa na subira naye, alilia kwa furaha. "Wewe huwa unalia hata mbuzi akipotea kitabuni," akamwambia Nduta. "Hii haikukugusa?"

"Yule mtu angekuwa na mke," Nduta akasema.

Ruqia akacheka, akadhani ni mzaha.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kusoma. Alijaribu. Alinunua riwaya nene ya falme na viapo, akaanza vizuri, hadi alipofika mahali binti anakaa jikoni peke yake anakula chakula alichompikia mtu asiyekuja. Zamani angelia. Sasa aliinua macho kutoka kwenye ukurasa akajiuliza ni nani aliyekula chakula kile, na kama anajua kimeandikwa. Akakifunga kitabu, akakirudisha kwa muuzaji bila alama hata moja ya penseli.

Mwezi wa kumi Resian alikuja dukani. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya kaunta, akaweka juu yake kitabu kipya kabisa, chenye picha ya kisima jaladani, akakisukuma polepole kuelekea kwa Nduta. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Kwa N., aliyenifundisha kusikia.

Nduta aliusoma ule mstari. Akakifunga kitabu, akakigeuza, akakirudisha upande wa pili wa kaunta. Mzee Githongo alikuwa anatazama kutoka stoo. Nyuma ya Resian alisimama mfugaji mmoja akingoja zamu yake, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya maneno mengi.

"Nikusaidie na nini?" Nduta akamuuliza, kama anavyowauliza wote.

Resian akatazama rafu. "Dawa ya minyoo," akasema mwishowe. "Ya mbuzi."

"Mbuzi wangapi?"

"Wanne."

Akina Resian hawakuwa na mbuzi hata mmoja. Nduta alishusha chupa, akaikung'uta vumbi, akamweleza kipimo kwa kila mbuzi kulingana na uzito wake, akamwambia asiwanyweshe walio na mimba. Alieleza yote bila kuruka neno. Kisha akageukia mfugaji aliyekuwa nyuma ya Resian, akamkaribisha.